Kitani cha Ndege Isiyoundwa

Wakio alipoanua nguo ya mtoto, vistari vya buluu vilikuwa vimerudi. Alikuwa amekichemsha kitambaa kile kwa sabuni na majivu hadi kikawa cheupe pe, ndipo akamshonea Donald shati. Sasa mgongoni palionekana bawa la ndege, na ubavuni mwake viti, safu kwa safu. Shati lilinuka petroli. Akalifua tena, akamvisha.

"Baba Donald, kitambaa hiki ulitoa wapi?"

"Si nilikwambia? Kwa yule mzungu wa mkonge, alipokufa." Gibson hakumtazama usoni.

Mzungu huyo alizeekea hapo Voi akiota ndege ya abiria aliyoichora ujanani, enzi ambazo kusafiri angani kulikuwa ajabu. Aliichora yote kwenye kitani laini. Hakuna kampuni iliyokubali kuiunda, na watu walimcheka mpaka Uhuru ukawakuta bado wanacheka.

Mchana ule, jua likiwaka na barabara imenyamaza, Wakio akasikia mngurumo wa injini, akatoka kutazama angani, hakuna kitu, akarudi ndani, mngurumo ukazidi, akaifuata harufu ya petroli hadi chumbani, na alipoinama kitandani akatambua kwamba sauti ile ilitoka kifuani mwa mwanawe, aliyelala macho wazi, mwili ukiwaka moto.

Akamvua shati. Vistari vilikuwa kwenye ngozi.

Mkamburi, shangazi yake Gibson, akaitwa kutoka Mwanda. Alimnusa mtoto, akageuka.

"Aliyemwingia mtoto huyu ana hasira na wewe, Gibson. Ulimfanya nini?"

Gibson akaangua kilio. "Aliniomba nimzike na michoro yake. Nikamwapia. Lakini shangazi, kitambaa kilikuwa kizuri..."

Wakio alimchukia mumewe kuliko hata huyo pepo.

"Basi tutatasa, tuitoe hasira kwa kutema, kama wazee wetu," Mkamburi alinong'ona. "Wewe omba msamaha. Mwenye hasira atiwe maji ya miwa, kwa mdomo wa mtoto. Akitema, hasira imetoka. Akimeza, amekataa."

Gibson akapiga magoti, akaomba kwa Kidawida, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza chake cha kazini. Mkamburi akammiminia mtoto maji ya miwa. Mashavu yakajaa. Mngurumo ukakoma. Wakio akakinga kiganja chini ya kidevu cha mwanawe, akimsihi kimoyomoyo ateme.

Donald, ambaye hakuwa na jino hata moja, alimkazia baba yake macho kama mtu mzima anavyomtazama mwizi.

Kisha akameza.