Saa ya Bi Mdogo

Saa ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kopo la mchele, chaji imekwisha, na mkanda wake una joto.

Joto la nini? Jioni Pei-yu aliichomeka kwenye umeme mpaka ikajaa, akaichomoa, akaiweka palepale juu ya kopo, akapanda kulala. Hakuivaa. Alfajiri aliposhuka jikoni kusaga soya akaikuta imekufa, na alipoigeuza, upande wa ndani wa mkanda, ule unaogusa ngozi, ulikuwa na jasho. Jasho bichi. Akalinusa. Halikuwa lake.

Wewe unayesoma ungekimbia, usinidanganye. Ungeamsha mtaa mzima na nguo ya kulalia. Pei-yu hakukimbia, kwa sababu alikuwa na kichwa kigumu na alikuwa anaipenda ile saa kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Ilikuwa saa ya mazoezi, nyeusi, ya kuhesabu hatua na kusikiliza moyo, na mumewe Cheng-han ndiye aliyempa. Kitu cha kwanza ndani ya nyumba ile ambacho hakikuwa cha Yun.

Maana vingine vyote vilikuwa vya Yun. Kikaango cha chapati za mayai, cha Yun. Aproni yenye maua, ya Yun. Duka lenyewe la chai ya asubuhi, hapo mjini Tainan, kichochoro cha nyuma ya soko la samaki, lina kibao kimeandikwa Kwa Yun, na wateja walikataa kabisa libadilishwe jina. Su-yun, ndiye huyo Yun, alikuwa mke wa kwanza wa Cheng-han. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akiwa bado kijana, na tangu hapo anakaa ghorofani kwenye madhabahu ya ukoo, ndani ya picha yenye kioo, anatabasamu. Kila asubuhi kikombe cha kwanza cha maziwa ya soya kilipanda ngazi kwenda kwake kabla mtu yeyote hajaonja.

Uke wenza na mtu hai una nafuu. Atazeeka, atanenepa, siku moja utamkamata na kosa. Huyu wa kwenye kioo utamfanya nini? Hakosei. Hanuni. Siku ya harusi Pei-yu aliambiwa apige magoti mbele ya picha ile, amimine chai, amwite bi mkubwa, amwombe ruhusa ya kuingia. Ndivyo wanavyofanya. Pei-yu akasema magoti yanamuuma.

Saa ikaendelea kufa. Ilijazwa usiku, ikaamka tupu. Ikivaliwa, ilikata roho kabla wateja wa kwanza hawajamaliza kula. Na kwenye simu haikutaka kabisa kuhamisha taarifa. Kila akijaribu, simu ilimjibu kwamba saa inatumika kwingine.

Akaipeleka kwa A-kun, kijana wa kibanda cha simu pale sokoni, fundi hodari, mdomo hauna kufuli.

"Mama bosi, umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima mpaka imenichoka."

"Mwanga wa kioo umepunguza? Hii mianga ya kusoma moyo umeiacha wazi muda wote?"

"Nimepunguza, nimefunga, nimefanya yote. Usiniulize ya watoto."

A-kun akachukua mswaki, akasugua meno ya kuchajia. "Mafuta tupu hapa. Unakaangia maandazi na saa, mama bosi?" Akaifuta yote, ikawa kama mpya kutoka kiwandani, akaanza kuiunganisha na simu ya Pei-yu. Akasubiri. Akakuna kichwa.

"Saa za namna hii huolewa na simu moja tu," akasema. "Na hii yako ina mume tayari. Nimeifuta kabisa, imerudi kwake yenyewe. Ndiyo maana chaji haikai, mchana kutwa inamsimulia mwenzako habari zako."

"Habari gani?"

"Unalalaje, unaenda wapi, moyo unadundaje. Vyote." Akasogeza kioo karibu na macho. "Simu yenyewe inaitwa Yun. Na iko jirani. Ona alama zilivyojaa, ni kama iko humu humu kibandani, juu ya bega lako."

Akacheka. Halafu akaangalia bega la Pei-yu, kicheko kikakatika, akamrudishia saa akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Sikudai kitu, mama bosi. Nenda nayo tu."

Pei-yu alirudi nyumbani mbio, na msifikiri ni woga. Ni wivu ule. Ulimpanda kama mchuzi unaofurika. Akamkuta Cheng-han anasugua sufuria.

"Han, simu ya Yun iko wapi?"

"Simu gani? Tulimchomea ya karatasi siku ya mazishi, imfikie huko aliko, ya kweli niliiuza."

"Sasa mbona saa yangu imeolewa nayo?"

Cheng-han akaacha kusugua. Ni mwanaume mpole, mrefu, mabega yameinama kama anaomba radhi kwa kila mlango. Maji yakaendelea kumwagika.

"Nilinunua mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Yako ya dukani. Na yake ya karatasi, nikaichoma siku ileile. Pei, ningekupa wewe nimnyime yeye? Angejisikiaje?"

"Amekufa, Han. Hajisikii."

"Muuza vitu vya karatasi aliniambia niandike namba, kisije kikapotea njiani kikachukuliwa na mtu mwingine. Sikuwa na namba. Nikanakili iliyokuwa kwenye boksi lako."

Pei-yu akakaa juu ya gunia la soya. "Kwa hiyo hata zawadi yangu moja tumepewa wawili."

"Nilijua hutapenda. Ndiyo maana sikusema."

"Wewe unajua nini ninachopenda?"

Cheng-han akafunga bomba. Ghorofani, ambako hakukuwa na mtu, ndara zikaburuzwa mara moja kutoka madhabahuni hadi juu ya ngazi, zikasimama. Kama mtu aliyesikia anasemwa.

Kuanzia hapo mambo yakawa mabaya kidogo kidogo. Mzee mmoja mteja akanywa maziwa yake, akafumba macho, akasema, "Leo umeyapatia. Yana ule moshi wa zamani." Pei-yu hakuwa amebadilisha kitu. Siku nyingine alijikuta anafunga aproni kwa mkono wa kushoto, fundo la pembeni, na mkono wa kushoto yeye hajawahi hata kushikia kijiti cha kulia. Cheng-han alipita nyuma yake, akamwona, uso ukamng'aa kama taa. "Yun, nipe chumvi," akasema. Mwenyewe hakusikia alichosema. Pei-yu alimpa chumvi. Alichokiogopa ni kwamba alikuwa ameitika.

Pei-yu akatafuta kichwani sauti ya mama yake akimwita kula, aone kama bado ni yeye, akaipata kwa mbali, kama redio ya jirani.

Mchana mmoja wa joto, duka limefungwa, mlango wa bati umeteremshwa, akajilaza. Saa alikuwa ameivua akaifukia ndani ya kopo la mchele, akafunga mfuniko, akaweka tofali juu. Akasinzia. Kilichomwamsha ni harufu, harufu ya karatasi inayoungua na ya soya iliyoshika chini ya sufuria, na kabla hajafungua macho akasikia mchele unamwagika jikoni chini, punje kwa punje, halafu ndara, zinapanda ngazi bila haraka kama za mtu anayejua kwake, zinafika mlangoni, zinaingia, zinazunguka kitanda upande wa Cheng-han, godoro likabonyea taratibu pale ambapo Cheng-han hayupo kwa sababu alikuwa ameenda sokoni, na mkono wa baridi ukamshika kifundo cha mkono, ukamvalisha kitu, ukakaza mkanda tundu moja zaidi ya kawaida yake, na chini ya ngozi akahisi ile mianga ya kijani ikigonga, ikigonga, ikimsikiliza, mpaka moyo wake ukaacha mwendo wake wenyewe ukaanza kufuata ule wa saa, mwendo wa polepole, unaochechemea, dundo na kimya, dundo na kimya, mwendo wa moyo mgonjwa.

Alipofungua macho kitanda kilikuwa kitupu. Saa ilikuwa mkononi. Mkono wa kushoto, na yeye huivaa wa kulia.

Hapo hata yeye akasalimu amri. Akaenda kwa Bibi Gim, mganga wa hekalu dogo pale sokoni, mwanamke mfupi anayepandisha mungu kichwani huku anamenya karanga. Hakupandisha chochote siku hiyo. Aliiangalia saa tu, akasogeza sahani ya karanga mbali nayo.

"Wewe ulimwita bi mkubwa?" akauliza.

"Hapana."

"Uliingia nyumba ya mtu bila hodi."

"Ni nyumba yangu, bibi."

"Basi mwambie yeye." Bibi akashusha sauti, wakawa wanasogeleana vichwa kama wanateta. "Mumeo alimchomea. Kinachochomwa hakipotei, binti, kinafika kwa mwenyewe. Kimefika, amekivaa, na namba ni moja, kwa hiyo kila unachopumua wewe kinaingia kwake. Anakusoma. Moyo wako, mwendo wako, usingizi wako. Akimaliza kukusoma, atakuvaa."

"Nifanye nini?"

"Rahisi sana, na wewe utaona ni kazi kubwa. Chai vikombe vitatu. Magoti. Umwite bi mkubwa kwa kinywa chako, umwombe akuachie. Mumeo amchomee nyingine yenye namba yake. Basi. Hana ubaya, ana kinyongo tu."

"Na nikishindwa kusema?"

Bibi Gim akarudi kumenya karanga. "Wenzio wamesema mazito zaidi ya hilo."

Siku iliyofuata ilikuwa ya kuwachomea wafu vitu na pesa bandia za karatasi, maduka yote ya kichochoro yametoa mapipa yao mekundu nje na moto unawaka. Cheng-han alipiga magoti kwanza. Pei-yu akapiga magoti ubavuni mwake, akamimina chai. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Picha ikatabasamu.

"Bi," akaanza.

Hebu niwaambie, alikuwa karibu kabisa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Angelisema, hadithi ingeishia hapa na nyinyi mngelala vizuri. Lakini Cheng-han, kwa wema wake, akaamua kumsaidia. Akaisogelea picha, machozi yanamtiririka, akaongea nayo kwa sauti ambayo Pei-yu hakuwahi kuisikia, si kitandani, si siku ya harusi, sauti laini kama mkate wa mvuke.

"Yun wangu," akasema, "msamehe huyu. Bado mdogo, hajui kitu. Wewe ndiye mwenye nyumba, unajua. Niachie tu wa kunisaidia dukani."

Wa kunisaidia dukani.

Pei-yu akainuka. Akaivua saa, mkanda ukaacha alama nyeupe, akashuka ngazi kwa kishindo, Cheng-han nyuma yake, "Pei, sikiliza, sikumaanisha," akavuka meza, akafika nje kwenye pipa jekundu ambako pesa za karatasi zilikuwa zinajikunja motoni, na hasira yote ya kula kwenye sahani ya mtu na kulala ubavu wa mtu ikampanda machoni ikamziba, akaitupa saa katikati ya moto.

"Shirikianeni sasa," akasema. "Tuone atasoma nini."

Mkanda ukavimba, ukadondoka matone. Ule mwanga wa kijani ukawaka ndani ya moto, ukagonga, ukagonga. Cheng-han alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

"Pei," akanong'ona. "Umechoma."

Ndipo alipokumbuka. Kinachochomwa hakipotei. Akatumbukiza mkono motoni, moto ukamrudisha. Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Akaitoa kwa vidole vilivyobabuka. Kwenye kioo, kwa mara ya kwanza tangu apewe ile saa: *Taarifa zote zimehamishwa. Chaji imejaa.*

Harufu ya soya iliyoungua ikamfunika kichwa kama shuka.

Alipofumbua macho kulikuwa kumepambazuka, na alikuwa anaangalia chumba kutoka juu. Madhabahu. Vikombe vitatu vya chai iliyopoa. Alitaka kugeuza shingo, shingo haikugeuka. Alitaka kupiga kelele, akakuta mdomo umeshapangwa, umetabasamu, na mbele ya macho yake kuna kioo. Chini jikoni alisikia mtambo unasaga soya, na Cheng-han anacheka, kicheko kamili cha mwanaume aliyerudishiwa kitu chake.

Ndara zikapanda ngazi bila haraka.

Mwanamke akaingia amebeba kikombe cha kwanza cha asubuhi. Uso ulikuwa wa Pei-yu. Miguu, nywele, kila kitu cha Pei-yu, mpaka ile alama nyeupe kifundoni na vidole vilivyofungwa bandeji. Aproni ilikuwa ya maua, fundo la pembeni. Akaweka kikombe mbele ya picha, akawasha ubani kwa mkono wa kushoto, na bila magoti kumuuma hata kidogo, akapiga magoti.

"Kunywa kingali moto, bi mkubwa," akasema.

Moshi ukapanda taratibu, ukagonga kioo, ukapita.