Honi ya Mzee Kigen

Jumatatu, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Valarie alikuwa kwenye kona ya mteremko wa Dundori na mitungi yake miwili ya maziwa, akingoja gari la kuichukua. Ukungu ulikuwa mzito. Aliona taa za pikapu zikishuka kutoka juu, na kabla hazijafika kwenye kona zikazimika zote mbili kwa mpigo. Pikapu haikukata kona. Alisikia vichaka vikivunjika, kisha kishindo, kisha honi ikalia bondeni bila kupumua.

Valarie alikimbia kutafuta watu. Baada ya dakika tano hivi honi ilinyamaza ghafla, na papo hapo taa za gari zikawaka kule chini, ndani ya ukungu. Watu aliowapata waliziona na wakakataa kushuka mpaka kupambazuke. Waliposhuka walimkuta Mzee Kigen, mkulima wa viazi, amelalia usukani akiwa maiti.

Polisi walijaribu taa, zikawaka vizuri. Lakini Valarie aliapa kwamba zilizimika, na taa hizo zilitengenezwa Jumamosi na Masinde, fundi wa umeme wa magari huko Rhonda. Basi Masinde akatiwa ndani. Ijumaa angepelekwa kortini kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Mkewe, Nekoye, ambaye hushika koleo kwenye karakana hiyo hiyo, hakulala siku tatu. Alijua mumewe ni mzembe wa kufua soksi, si wa kufunga waya.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri alikuwa kwenye yadi ya kituo cha polisi, ilikowekwa pikapu, baada ya kumsumbua Sajini Okeyo hadi akachoka kukataa.

"Madam, mimi singekaa hapo karibu," alisema Ogada, mlinzi wa yadi, amejifunika koti mpaka masikioni. "Hiyo gari inalia yenyewe. Juzi na jana, saa kumi na moja na nusu. Hakuna mtu ndani. Inalia, halafu inanyamaza pole pole hivi, kama mtu amechoka. Ni mzee anaita."

"Na hakuna mtu alitoa waya ya betri?"

"Nani atoe? Afande alisema hiyo ni exhibit ya kesi, isiguswe. Hata yeye mwenyewe hajaigusa tangu iletwe."

Nekoye aliogopa, tusidanganyane. Pikapu ilikaa pale gizani, pua imebonyea, kioo kimepasuka, shuka la mzee bado liko kwenye kiti. Saa kumi na moja na dakika thelathini na mbili honi ikalia. Ogada akarudi nyuma hadi ukutani. Nekoye alitamani kukimbia, akamkumbuka Masinde amelala kwenye sakafu ya simiti. Akatazama saa yake badala yake.

Baada ya dakika kumi na saba honi ilikwaruza, ikakatika. Nekoye akafungua boneti, akagusa visanduku vyeusi vilivyopangwa kando ya fyuzi. Kimoja kilikuwa moto.

"Afande, kuja uone," alimwambia Okeyo, ambaye alikuwa amesimama mbali kuliko inavyompasa polisi. "Hii ni rilei. Ukiwasha taa, swichi yako haipeleki moto wote wa betri kwa taa, ingeungua. Inapeleka moto kidogo tu hapa ndani, kwa waya imezungushwa inakuwa sumaku. Sumaku inavuta kichuma, tik, moto mkubwa unapita. Honi iko na yake, taa ziko na yake. Hizi mbili ni size moja."

"Sasa ghost iko wapi?"

"Kwa usukani. Kifua cha mzee kilibonyeza honi ikakwama, hata sasa bado imebonyezwa. Lakini rilei ya honi imekufa nusu. Waya yake ndani imepasuka. Kukiwa baridi kabisa inashikana, honi inalia. Sumaku ikipata joto inaachana. Ndio maana ni alfajiri tu."

Alizing'oa zote mbili, akaziangalia kwa tochi. Kisha akazigeuza tena, upande kwa upande.

"Hakuna yetu hapa," alisema. "Masinde aliweka mpya kwa taa Jumamosi. Zetu zote napiga alama na rangi yangu ya kucha, nyekundu, na yeye anachora tarehe na msumari. Wateja hutuletea za watu wengine wakisema ni zetu zimeharibika. Hizi zote ni za zamani."

Okeyo alimtoa Masinde selini akamketisha kwenye benchi. Masinde alikuwa amekonda kwa siku tatu tu.

"Mzee alileta gari itengenezwe nini?" Okeyo aliuliza.

"Taa ya kushoto ilikuwa imevunjwa. Nikitoa hiyo ya zamani nikapata kipande cha leso, hii ya akina mama kujifunga, nyuma yake, iko na damu imekauka. Nikamwonyesha. Mzee akakaa chini, akauliza kama naweza kujua hiyo damu ni ya lini. Akaibeba akaenda."

Okeyo alishusha kalamu. Mwezi uliopita mama mmoja muuza mboga aligongwa karibu na Kikopey na gari lililotoroka. Na Jumapili jioni Mzee Kigen alikuwa amempigia yeye Okeyo simu akasema, "Kesho asubuhi nakuja kwako na kitu." Hakufika, na kwenye gari hakukuwa na leso yoyote.

"Nani alikuwa anaendesha hiyo pikapu mwezi uliopita?"

"Dereva wake alikuwa Quincy, mzee akamfuta kazi. Lakini pia kuna mpwa wake, Zeddy. Na afande, mzee alikuwa na tabia moja. Anawasha gari, anawasha taa, anakaa ndani anaomba robo saa injini ikipata joto, ndio anatoka."

Nekoye alihesabu kwa vidole. Robo saa ya maombi, dakika mbili za mteremko: dakika kumi na saba, sawasawa na honi. Aliyeweka rilei mbovu kwenye taa alijua zingezimikia kwenye kona ile.

Quincy alipatikana kwa simu. Anachoma nyama Kikopey siku hizi, na alfajiri ya Jumatatu watu sita walimwona akiwasha makaa. Pia alifutwa wiki mbili kabla ya yule mama kugongwa. Akabaki mmoja.

Saa nne na nusu Okeyo na Nekoye walifika nyumbani kwa mzee, Dundori. Hema la matanga lilikuwa limejaa, na Zeddy, kijana wa miaka thelathini aliyelelewa na mzee tangu utotoni, alikuwa akipanga viti. Mjane, Jepkemei, alikaa karibu na mlango wa jikoni na kikombe cha chai kilichopoa.

"Pole sana, Mama," alisema Nekoye. Kisha akamgeukia Zeddy, akaonyesha gari lililoegeshwa kando ya hema. "Hiyo Probox ni yako?"

"Ni yangu. Kwani?"

"Fungua boneti."

Zeddy alimtazama Okeyo, akafungua. Nekoye hakutafuta sana. Kwenye nafasi ya taa, kati ya rilei kuukuu, moja ilikuwa mpya, ina mstari mwekundu na tarehe ya Jumamosi.

"Rilei ni rilei," alisema Zeddy. "Kila duka iko."

"Rangi ya kucha yangu haiuzwi na rilei. Uliona ni mpya, ukaonea huruma kuitupa. Ukaweka ile yako mbovu kwa pikapu. Gari ilipoanguka, hii ilikuwa huku nyumbani, kwa hivyo ukafanya kama madereva wote wakikwama njiani. Ukakopa ya honi. Ukaipeleka kwa taa, ndio polisi wakizijaribu ziwake, ile mbovu ukaiweka kwa honi. Ndio maana Valarie alisikia honi imenyamaza na taa zikawaka saa hiyo hiyo. Halafu ukachukua leso, ukarudi ukaja na wengine."

Zeddy alikaa kwenye bampa. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimwomba asiende polisi. Nilimwambia sikumwona huyo mama. Nilitaka tu taa zizime, asimame, arudi tuongee."

"Daktari anasema mzee aliishi karibu nusu saa baada ya kuanguka," alisema Okeyo.

"Ulipofika kwa gari," Nekoye aliuliza, "ulifungua nini kwanza, mlango ama boneti?"

Zeddy alinyoosha mikono yake mbele. Okeyo alimfunga pingu, akapiga simu kituoni akaagiza Masinde aachiliwe. Nekoye alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi na akalia kwa furaha aliyoionea aibu mbele ya wafiwa.

Jepkemei alikuwa amesimama. Chai ilikuwa imemwagika kwenye kanga yake na hakuwa na habari.

"Honi ilipolia nilikuwa hapa jikoni," alimwambia Zeddy, taratibu. "Mimi ndiye nilikutuma. Nilikuambia kimbia, baba yako anaita. Halafu ikanyamaza. Nikapiga magoti hapa, nikasema asante Yesu, Zeddy amemfikia."