Fomu Ndani ya Atlasi

Kila asubuhi, mama alipokuwa akipiga pasi sare yake nyeupe, mimi nilikuwa mwalimu. Nilishika daftari lake la uuguzi na kumuuliza maswali.

"Mtoto mchanga, mapigo ya moyo kwa dakika?"

"Mia na ishirini hadi mia na sitini. Endelea, usinionee huruma!"

Siku hiyo hatukufika swali la tatu. Simu iliita. Mama alisikiliza, akachomoa pasi.

"Kiongozi wa wodi ameteguka mguu. Leo nasimamia mimi. Mama mdogo wako amesafiri, siwezi kukuacha peke yako. Beba kitabu, twende."

Nilibeba atlasi, maana niliogopa kuiacha. Ndani yake nilikuwa nimeficha fomu ya mama ya kuomba kusomea shahada ya uuguzi. Alikuwa ameitafuta juma zima, hadi chini ya godoro, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa siku hiyo saa kumi. Chuo kilikuwa katika mji mwingine, nami sikutaka jioni zisizo na mama. Tena, kila nilipomuuliza akihitimu atakuwa nani, alijibu tu, "Tutaona."

Katika wodi ya watoto niliketi nyuma ya meza ya wauguzi. Alikuwapo muuguzi kijana waliyemwita Bwana Kalamu, kwa kuwa mfukoni alikuwa na kalamu tano na hakuna iliyoandika.

"Sista, leo tuko watatu kwa vitanda ishirini na vinane," alisema. "Tugawane kazi au tukimbie?"

"Tugawane kwanza. Mbio baadaye."

Mama yangu, anayemwomba radhi hata paka akimkanyaga mkia, alibadilika mbele ya macho yangu. Alipita kitanda kwa kitanda na muuguzi aliyekuwa akimaliza zamu, akisikiliza, akiuliza, akigusa paji la uso la kila mtoto. Kwenye kitanda cha tisa alisimama.

"Huyu kalala vizuri tu," alisema Bwana Kalamu.

Mama alifunua kifua cha mtoto, akatazama saa yake, akahesabu pumzi. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile.

"Hamsini na nane. Ni nyingi mno. Msogezeni karibu na meza, mwekeeni oksijeni. Bwana Kalamu, mwite daktari."

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alikwenda. Mimi nilisahau hata kufumba mdomo. Kufikia mchana, midomo ya mtoto yule ilikuwa imerudiwa na rangi yake, naye alikuwa akilia kutaka kubebwa.

Saa nane alikuja Mama Mkuu, msimamizi wa wauguzi wote wa hospitali.

"Fomu iko wapi?" alimuuliza mama. "Kiongozi wenu anastaafu baada ya miaka miwili. Bila shahada siwezi kukupendekeza."

"Imepotea, Mama Mkuu. Labda mwakani."

Macho yaliyohesabu zile pumzi sasa yalitazama sakafu, na sababu ilikuwa mimi. Nikafungua atlasi na kuitoa fomu.

"Haikupotea. Niliificha mimi. Niliogopa kwamba ukienda kusoma utanisahau. Nisamehe, mama."

Mama aliipokea fomu. "Kila asubuhi unaniuliza maswali," alisema polepole, "kumbe la kwako hukuuliza?" Akanivuta kifuani.

Mama Mkuu alivuta kiti, akageuza karatasi ya zamu na kuchora miraba nyuma yake. "Madarasa ni Ijumaa na Jumamosi. Siku nyingine nitakupangia asubuhi, jioni uwe na mwanao." Kisha akanigeukia. "Mjukuu wangu, kuogopa si kosa. Kosa ni kuficha hofu yako mpaka inamfungia mwenzako njia. Ungesema mapema, ungeona hata hofu inapangika, kama zamu."

Fomu ilikuwa na nafasi moja tupu: Lengo lako la kazi ni nini? Bwana Kalamu akatoa kalamu. Haikuandika. Akatoa ya pili, ya tatu.

"Akiwa bado anatafuta," alisema Mama Mkuu, "tuambie kwa mdomo."

"Tuta..." mama alianza, akasita. Alikitazama kitanda cha tisa, akanitazama mimi, akanyoosha mgongo.

"Nataka kuiongoza wodi hii."