Chuma Alichokipokea Rhoda

Asubuhi ile Hilaria alikuwa amekaa uani kwake Mazwi, anageuza kimea cha ulezi kwenye turubai. Jua zuri, upepo wa Septemba unamjaza vumbi machoni kama desturi yake, na mama mkwe wake, Rhoda, yuko kibarazani anamkosoa namna anavyogeuza. Siku ya kawaida kabisa. Rhoda hakuwahi kumpenda Hilaria, jambo hilo mtaa mzima ulilijua, mpaka kuku. Siku hiyo alikuwa anasema kwamba wanawake wa Mwazye, kwao Hilaria, hugeuza kimea kama wanaofukuza nzi.

Bibi Adela, jirani yao, naye alikuwepo. Alikuja kuomba chumvi, chumvi akapewa, lakini hakuondoka kwa sababu maneno yalikuwa bado matamu.

Ndipo akaingia Tadei, mume wa Hilaria, mwendesha bodaboda. Nyuma yake yule Mzungu.

Mzungu huyo, Gordoni, mji ulikuwa umeshamsema mpaka ukachoka. Aliingilia mpaka wa Kasesya na malori mawili. Moja lilibeba kontena. La pili lilibeba udongo. Udongo mwekundu, uliosagika kama tofali lililopondwa, kutoka kwao Uingereza. Madereva waliokuwa kwenye foleni pale mpakani walicheka mpaka wakashika mbavu: huyu anapeleka udongo Ufipa, kwani wa kule umekwisha? Watu wa miji mingine wakisikia tu jina la Sumbawanga wanatafuta rozari. Kumbe siku hiyo uchawi uliingia wenyewe kwa lori, mchana kweupe, umelipiwa ushuru, na hakuna aliyeshtuka.

Udongo huo aliumwaga nje kidogo ya mji, kwenye malisho aliyokodi kwa Ndalahwa, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma. Akautandaza ukawa njia pana yenye umbo la yai. Hapo alitaka kuufufua mchezo wa kwao. Pikipiki nne zisizo na breki, zinazunguka kushoto tu, mizunguko minne, na kwenye kona mwendeshaji anaburuza mguu wa kushoto ardhini asije akaanguka. Ndiyo maana mguu huo huvalishwa chuma.

Chuma chenyewe ndicho alichokuja nacho asubuhi hiyo, kimefungwa kwenye kitambaa. Kipande kizito, kimepindwa kufuata unyayo, kimelika upande mmoja kwa kuburuzwa miaka na miaka.

"Shikamoo mama," Gordoni alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Hiki cha Tadei. Lakini mama apokee."

Rhoda akafuta viganja kwenye khanga, akakipokea kwa mikono miwili. Akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Kisha akamtupia mkwewe jicho.

"Umeona? Mwanangu amechaguliwa kushindana, kesho yuko Ulaya. Wengine watabaki na kimea chao."

Bibi Adela aliiacha chumvi yake pale pale, akaondoka bila kuaga.

Mwanzoni Tadei alikuwa na furaha. Asubuhi anabeba abiria, mchana anakwenda kufanya mazoezi, jioni anarudi mwekundu kama aliyefinyanga vyungu. Kisha Hilaria akaona jambo. Jiko lao liko upande wa kulia ukitoka sebuleni, hatua chache tu. Tadei alikuwa anatoka mlangoni, anaizunguka nyumba nzima kwa kushoto, ndipo anaingia jikoni. Mara ya kwanza Hilaria alicheka. Baadaye akaacha kucheka.

Abiria nao wakaanza kumkwepa. Kijana mmoja aliyetaka kupelekwa stendi alizungushwa mitaa mpaka akashukia njiani.

"Mshikaji, kona ya kulia umeisusa?"

Tadei alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

Halafu harufu. Mafuta ya nyonyo yaliyoungua, matamu, mazito. Tadei akasema ni mafuta ya mashine, ndiyo wanayotumia. Lakini Hilaria aliijua harufu hiyo tangu utotoni. Kwao maharusi walipakwa nyonyo siku ya kuolewa. Alifua mashuka, akaanika godoro, akapiga deki kwa majivu. Haikusaidia, maana harufu ilikuwa inatoka kwenye ngozi ya mumewe.

Kule malishoni, Ndalahwa naye alikuwa na yake. Ng'ombe wake walikuwa hawaukanyagi udongo ule hivi hivi. Wakifika ukingoni wanasimama, wanageuza vichwa pamoja kufuata kitu kinachopita, kisha wanavuka mbio. Hapakuwa na kitu kinachopita.

Bibi Adela alimkuta Hilaria bombani, akasubiri wengine waondoke.

"Mama mkwe wako amemwoza Tadei," alinong'ona.

"Bibi, Tadei ana mke. Mke mwenyewe ni mimi."

"Zamani mahari yetu ilikuwa jembe la chuma. Mtu analeta chuma nyumbani, mzazi anapokea kwa mikono miwili, kigelegele kinapigwa, majirani wanashuhudia. Rhoda amebakiza nini hapo?"

"Hiyo ilikuwa kwa mabinti."

"Sasa wao watajuaje kwetu anaozwa nani? Wameona chuma kimepokelewa."

"Wao nani?"

Bibi Adela akajitwika ndoo. "Kirudishwe. Na arudishe yule yule aliyepokea, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Wewe ukikirudisha ni sawa na kuokota taka ukatupa."

Hilaria alikwenda kwa Gordoni hata hivyo. Mapenzi ni ukaidi. Alimkuta kontenani, ukuta wote umebandikwa picha: watu wamejaa uwanjani kama mahindi shambani, wanaume na kofia zao, akina mama na watoto wao, skafu za mistari shingoni, wote wamelowa mvua.

"Zamani, kila Jumamosi," Gordoni alisema. "Watu elfu ishirini. Wanaimba. Sasa wazee kidogo tu, blanketi miguuni, chai kwenye chupa. Vijana hawaji. Uwanja umeuzwa. Wamejenga duka kubwa."

"Na waendeshaji?"

"Wazuri watatu walikufa. Kona moja, siku moja." Alikuwa anafuta picha kwa mkono wa shati. "Hawakuambiwa uwanja umeuzwa. Wakawa wanazunguka humo humo dukani, katikati ya friji za maziwa. Wauzaji wanaacha kazi. Basi nikaenda nyuma ya duka, pale saruji haijafika, nikachimba udongo wao. Wamekuja nao."

Hilaria aliitazama ile picha. Wanaume watatu, kila mmoja ameshika pikipiki yake. Ya nne ilikuwa imesimama sambamba nao. Pikipiki zile hazina stendi, alishaziona. Na hiyo ya nne hakuna aliyeishika.

"Mchezo ni watu wanne," Gordoni alisema. "Ukipungua, umekufa."

"Chukua chuma chako, baba. Nakuomba."

Uso wake ulibadilika. Akafungua mlango, akamwonyesha njia kama anayemfukuza mbwa. "Kimepokelewa. Mama amepokea. Nenda."

Jioni Hilaria akamwendea Rhoda, akapiga magoti kabisa.

"Mama, kirudishe kile chuma."

"Nikirudishe kwa amri ya nani? Yako? Baba yako alipewa mbuzi mwenye chongo akashukuru mpaka machozi."

"Tadei hageuki kulia, mama."

"Akigeuka atakuona wewe."

"Husikii harufu?"

"Ni ya Ulaya hiyo. Utaijulia wapi?" Rhoda akavuta khanga mabegani. "Umeona mwanangu anapata, roho inakuuma. Simama, unanichafulia mkeka."

Lakini usingizi ulipomkaribia, Hilaria alimsikia mama mkwe wake akifungua dirisha la chumba chake. Oktoba, na vumbi la Sumbawanga unalijua.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi mchana, na mji ulihamia malishoni kwa Ndalahwa. Karanga, miwa, redio, watoto migongoni. Vijana watatu wa bodaboda walikuwa wamekubali kushindana na Tadei. Hawakutokea. Mmoja wao, Abel, alikaa mbali kabisa na udongo, akawaambia waliomcheka kwamba kila alipofanya mazoezi kuna mtu alimsukuma kwa kiwiko. Akavua shati kuonyesha ubavu. Ulikuwa mweusi.

Gordoni hakuulizia waliokosekana. Alifunga utepe wa kuanzia mbio, Tadei akasimama nyuma ya utepe na pikipiki, chuma mguuni. Pembeni yake nafasi tatu, tupu. Gordoni akaziinamia moja moja, kama mtu anayesalimia.

Utepe ukaruka.

Iliondoka pikipiki moja. Zikasikika nne.

Watu waliokuwa wanacheka wakasimama. Redio ikazimwa. Tadei aliingia kona ya kwanza amelala upande, mguu unakwaruza, cheche zinaruka. Mbele yake hapakuwa na mtu. Lakini udongo ulikuwa unampiga usoni. Kutoka mbele. Kwa mabonge.

Vumbi likanyanyuka nyuma yake. Na mbele yake. Na pembeni.

Mzunguko wa pili. Wa tatu. Wa nne ukaisha, hakusimama. Akaendelea. Gordoni alikuwa analia, mikono kifuani.

"Wanne," alinong'ona. "Wanne tena."

Hilaria akamshika Rhoda kiganja, akakibana.

"Mama. Sema."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao."

"Nionekane mchawi?"

Tadei akapita. Alikuwa anacheka, amegeuza kichwa upande, anacheka na mtu. Hakumtazama mama yake hata kidogo. Alipozunguka tena, Rhoda akasogea mpaka ukingoni na kumwita jina lake la utotoni, lile ambalo humwita nalo anapoumwa.

Tadei hakugeuka.

Rhoda alisimulia baadaye kwamba walioendesha pamoja naye ndio waliogeuka.

Rhoda akarudi nyuma hatua moja. Akakaa chini kwenye majani, akakunjua mikono yote miwili, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Nakirudisha. Sikuoza mtu. Chukueni chuma chenu. Nipeni mwanangu."

Ngurumo ikakatika. Zote nne, mara moja.

Vumbi lilipotua, Tadei alikuwa amelala nje ya ule udongo, anaomba maji. Mguu wa kushoto ulikuwa peku. Vijana walichakura mpaka jua likazama kukitafuta kile chuma, hawakukiona. Gordoni alikunja utepe wake polepole, wala hakumtazama mgonjwa.

"Sawa," alimwambia Hilaria. "Tumeachana. Si wote."

Hilaria hakumwelewa, na siku ile hakujali kumwelewa. Kabla ya mvua za Novemba Mzungu alishavuka Kasesya, kontena akaliacha na udongo akauacha.

Tadei akapona. Akarudi kwenye bodaboda, akawa anakata kona zote kama binadamu. Na Rhoda akaanza kumwita Hilaria "mwanangu", kitu kilichoutisha mtaa kuliko hata hayo ya malishoni. Tumbo la Hilaria lilipoanza kuonekana, Rhoda mwenyewe ndiye aliyemchotea maji.

Bibi Adela alikuja kupongeza. Akakaa, akala, akasifia. Rhoda alipoingia ndani akasogeza kigoda.

"Mimba ni ya lini?"

"Oktoba, bibi."

"Chuma kilikuwa bado nyumbani?"

Hilaria alihesabu kimoyomoyo. Akalifunika tumbo kwa khanga.

"Mtoto anayetungwa mahari ikiwa ndani ni wa waliotoa mahari," bibi alinong'ona. "Mahari ikirudi, ndoa inakufa. Mtoto anabaki wa kwao. Watakuja kumtazama, ni haki yao. Wakija usiwatukane."

Mtoto alizaliwa Julai, wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya mpiga mnada. Ile baridi ya Julai, kavu, majani yote yameungua, mvua haijadondoka tangu mwezi wa tano. Siku ya tatu nyumbani alilia tangu alfajiri, hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Hilaria alimlaza kitandani, amemfunga khanga, akatoka mlangoni kupokea uji kwa Rhoda. Rhoda alikuwa kibarazani na Bibi Adela. Mlango ni huo mmoja, wao wawili wameuziba. Hakuna aliyepita.

Kilio kikakatika.

Hilaria aliporudi, mtoto alikuwa amelala fofofo. Juu ya khanga alikuwa amefunikwa skafu ndefu ya sufu, ya kufumwa kwa mkono, yenye mistari na nyuzi zinazoning'inia mwishoni. Ilikuwa imekunjwa vizuri, ncha zimechomekwa chini ya mabega yake, kama anavyochomeka mtu aliyelea watoto wengi.

Ilikuwa imelowa. Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kitandani mpaka sakafuni.

Hilaria alimvua, akamkausha, akamkabidhi Rhoda. Alijaribu kuichoma ile skafu jikoni, ikazima moto. Akaikamua mlangoni, ikatoa maji. Akaikamua tena, ikatoa maji tena. Mwisho, kwa kukosa la kufanya, akaianika nyuma ya nyumba.

Ipo kwenye kamba mpaka leo. Haijakauka.