Sekela na Dawati la Pembeni

Huyu ni Sekela. Anaishi Tukuyu, kwenye vilima vya kijani, mahali ambapo mvua haichoki kunyesha.

Sekela yuko darasa la pili. Ana sweta la bluu, na jino lake la mbele limeng'oka.

Darasani alikaa na rafiki yake Nsia. Waliazimana ufutio. Walikula karanga za mfuko mmoja.

Mwalimu wao aliitwa Mwalimu Ambakisye. Siku moja alikuwa anafundisha kujumlisha. Chaki ililia ubaoni, kwi, kwi, kwi.

Mara mvua ikaanza juu ya bati. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta.

Sekela akaisikiliza mvua. Akajiuliza mawingu hubebaje maji mengi hivyo bila ndoo.

Sekela yuko darasani.
Mawazo yake yako nje.

Mwalimu akamwuliza, nane jumlisha tano ni ngapi? Sekela akasimama. Akatazama ubao. Akatazama dari.

"Mvua," akasema.

Darasa zima likacheka. Sekela akaketi, masikio yakiwa ya moto.

Kesho yake nyuki akaingia dirishani. Zuu, zuu, zuu. Sekela akainuka aone anakokwenda.

Akamgonga Nsia kiwiko. Penseli ya Nsia ikachora mstari mrefu katikati ya daftari. Nsia akakasirika, akajifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Mwalimu Ambakisye hakumchapa Sekela. Hakufoka. Alisema labda Sekela atatulia akikaa mahali ambapo hakuna wa kuongea naye.

Akaburuza dawati moja kuukuu. Krrr, krrr, krrr. Akalipeleka pembeni kabisa, likatazama ukuta.

Sekela akachukua daftari lake, akaenda kukaa pale.

Kushoto, hakuna mtu.
Kulia, hakuna mtu.
Sekela peke yake.

Alijaribu kutulia. Alijaribu sana. Aliikalia mikono yake. Aliibana miguu yake.

Lakini ukutani palikuwa na ufa, na kwenye ufa sisimizi walikuwa wanapanda. Mmoja alibeba chembe ya mkate. Alikuwa anampelekea nani?

Sekela yuko darasani.
Mawazo yake yako kwa sisimizi.

Wakati wa mapumziko wasichana waliruka kamba. Pa, pa, pa, kamba ikapiga chini. Sekela akasimama karibu, akangoja aitwe.

Wenzake wakasema hawamtaki, kwa sababu husahau zamu yake. Nsia alitazama viatu vyake.

Sekela akaenda barazani. Akanyoosha mkono, na matone ya mvua yaliyobaki kwenye bati yakaangukia kiganjani.

Kushoto, hakuna mtu.
Kulia, hakuna mtu.
Sekela peke yake.

Nyumbani, Mama alikuwa na kazi nyingi. Alimwagiza Sekela aingize kuni, afunike maziwa, na awafungie vifaranga bandani kabla mvua haijaja. Aliyasema yote kwa pumzi moja. Kisha akachukua jembe, akaenda kwenye shamba la viazi.

Sekela akaanza na kuni. Juu ya kuni alikuwepo konokono. Taratibu, taratibu, konokono akatoa pembe zake.

Sekela akachuchumaa amtazame vizuri.

Sekela yuko nyumbani.
Mawazo yake yako kwa konokono.

Mvua ikaja. Ta-ta-ta. Vifaranga wakalowa chini ya mgomba. Pii, pii, pii, wakalia.

Mama akarudi mbio. Akawaokota vifaranga mmoja mmoja, akawatia kwenye kikapu karibu na moto. Na maziwa? Paka alikuwa ameshayanywa.

Mama alikasirika. Akamwambia Sekela akae kwenye kigoda, kwenye kona ya jikoni. Asiongee na mtu mpaka akili imtulie.

Kushoto, hakuna mtu.
Kulia, hakuna mtu.
Sekela peke yake.

Kikapuni, vifaranga walianza kukauka. Walibanana bawa kwa bawa, wakanyamaza.

Sekela akawatazama. Machozi yakamtoka.

Mama akageuka. Akayaona yale machozi.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Shuleni nakaa peke yangu," Sekela akasema. "Nyumbani nakaa peke yangu. Mama, sipendi kukaa peke yangu."

Mama akaweka mwiko chini. Hakuwa anajua habari za dawati la pembeni. Sekela akamsimulia yote, tangu mvua hadi sisimizi.

Mama akamwuliza kwa nini basi hasikii anapoagizwa.

Sekela akafikiri kidogo.

"Nasikia, Mama. Maneno yako yanaingia. Halafu konokono naye anaingia. Halafu maneno yako yanatoka."

Mama akavuta kigoda kingine, akakaa karibu na Sekela, bega kwa bega.

Akamgusa begani. Akamwomba alete bakuli. Sekela akaleta bakuli.

Akamgusa tena. Akamwomba alete viazi. Sekela akaleta viazi.

Jambo moja, halafu jingine. Hakuna hata moja lililopotea njiani. Mama akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akatabasamu.

Asubuhi wakaenda shule pamoja, chini ya mwavuli mmoja. Chwaka, chwaka, miguu yao ikakanyaga tope.

Walimwamkia Mwalimu Ambakisye, naye akawakaribisha ndani. Mama hakuja kugomba. Alieleza tu aliyoyaona jikoni. Sekela akiambiwa jambo moja, analifanya. Akiguswa bega, mawazo yake yanarudi.

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, macho yake yakalingana na macho ya Sekela.

"Niambie, Sekela. Pale pembeni unasoma vizuri?"

Sekela akashika kanga ya Mama.

"Hapana, Mwalimu. Pale tupo mimi na sisimizi tu."

Mwalimu Ambakisye akaligeukia lile dawati. Akalitazama kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Akasema alidhani pale pangemsaidia, kumbe hapana. Basi watajaribu njia nyingine.

Krrr, krrr, krrr. Dawati likaburuzwa mpaka mbele, karibu na meza ya mwalimu.

Mwalimu akauliza nani angependa kukaa na Sekela.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Ta-ta-ta, mvua tu ndiyo iliyosikika.

Sekela akainamisha kichwa. Alitamani kurudi kule ukutani, asionekane.

Ndipo akasikia kiti kikisogea.

"Mimi, Mwalimu."

Alikuwa Nsia. Alikuja na begi lake, na ufutio wake, akaketi. Akamnong'oneza Sekela kwamba siku ile ya kamba alitaka kumwita, ila aliogopa wenzake.

"Lakini usinigonge tena kiwiko," akasema.

"Nitajaribu," akasema Sekela.

Na akajaribu. Mvua iliponyesha, mawazo yake yalitoka nje kama kawaida. Nsia akamgusa begani. Mawazo yakarudi ndani, yakakaa kidogo.

Miguu ya Sekela ilipowashwa kwa kukaa, mwalimu alimtuma afute ubao. Fu, fu, fu. Au agawe madaftari. Halafu akarudi kuketi.

Siku nyingine alisahau. Siku nyingine alijibu kitu ambacho hakikuulizwa, na watoto wakacheka. Lakini sasa Sekela naye alicheka, kwa sababu Nsia alikuwa pembeni yake.

Kwenye kamba, Nsia alimshika mkono asubiri. Kisha akamwachia.

"Sasa, Sekela."

Pa, pa, pa. Sekela akaruka, na sketi yake ikaruka naye.

Jumamosi Nsia alikuja kucheza. Walipika chakula cha udongo kwenye vifuniko vya chupa. Walifunga mwanasesere kwa kanga kuukuu, wakambeba mgongoni kwa zamu. Hawakuona jua likiondoka.

Jioni mvua ilishuka kubwa. Kijito kikajaa, na Nsia akashindwa kuvuka kwenda kwao. Mama akampigia simu mama yake Nsia. Wakakubaliana kwamba alale hapo hapo.

Wakala ndizi na maharage. Wakanawa miguu kwenye beseni moja, wakirushiana maji mpaka Mama akasema inatosha.

Kitanda cha Sekela kilikuwa kidogo. Sekela akalala upande wa ukutani. Nsia akalala upande wa mlangoni. Mama akawafunika blanketi hadi shingoni, akazima taa.

"Nsia, umelala?"

"Bado. Na wewe?"

"Bado."

Wakacheka chini ya blanketi. Miguu ya Nsia ilikuwa ya baridi, ya Sekela ilikuwa ya moto. Wakaipanga pamoja, mpaka yote ikapata joto.

Na hapo, kabla hajajua nani ametangulia kusinzia, Sekela akalala.