Mgeni wa Padi ya Pili

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu. Kaeni hapo katikati, mbanane. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sitaki kusikia hata mbu. Mmenyamaza? Nyamazeni zaidi.

Palikuwa na kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuonja mashine. Msicheke. Kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla wageni hawajala, ndivyo yeye alivyoletewa mashine mpya za gemu kabla watu hawajanunua. Anazicheza, anajipiga video, anawaambia watu: hapa wamepatia, hapa wamelipua kazi. Watu wakamwita Mwonjaji. Na kila video aliifunga kwa maneno yale yale, "Kizuri hakikosi ila," kisha anaitaja hiyo ila yenyewe.

Zamani kazi hiyo aliifanya na mdogo wake. Walikaa kwenye vyumba viwili orofani, viti viwili vya mbao mbele ya skrini, padi mbili za kuchezea gemu mikononi, na kelele! Mama wa Chini, jirani yao, alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio mpaka plasta inamwangukia kichwani. Huyo mdogo ndiye alikuwa kiboko. Akirudi kutoka dukani hageuzi kitasa, anapiga mlango teke: "Nimerudi! Wenye njaa amkeni!"

Kisha mdogo akaugua, na hakuinuka. Kiti chake kikabaki pale pale, kushoto kwa kiti cha kaka yake. Tangu hapo kila mashine ikija na padi mbili, ya pili haitolewi kwenye boksi. Watu wa pole walikuja, wakapungua, wakaisha. Ufagio wa Mama wa Chini ukakaa kimya.

Nyie hamjui upweke. Upweke ni kumimina chai vikombe viwili, ndipo ukumbuke.

Basi siku moja, jua limekaa utosini, ikaletwa mashine mpya. Mwonjaji akafunga mapazia ili skrini ionekane, akaanza kujipiga video.

"Kwa sura, hawajambo," akasema. "Nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Lakini kitufe cha kuwashia wamekificha tumboni, unaipapasa kama mtu anayetafuta mayai chini ya kuku. Matundu ya hewa yako chini pia, ukiilaza inajiziba pumzi. Joto lake unaweza kupashia kiporo. Na hiki kijiti cha kidole gumba kwenye padi, tazameni, sikigusi, lakini yule mtu wa kwenye skrini anatembea mwenyewe. Anakwenda kushoto. Namrudisha, anakwenda kushoto tena."

Hapo feni ya mashine ikakwaruza kitu ndani. Ko, ko, ko. Ikatulia. Ko, ko, ko.

Sasa sikilizeni. Mashine zile baadaye zilinunuliwa na watu wengi, na feni zake ziligonga vile vile katika nyumba zote. Mmoja alisema, "Takataka gani hii!" Mwingine aliipiga kofi. Wengine waliirudisha dukani. Lakini Mwonjaji hakuwa amebishiwa hodi na mgeni tangu watu wa pole waishe, na mdomo una mazoea yake, haungoji akili.

"Karibu!" akasema.

Feni ikanyamaza. Maneno yakatokea kwenye skrini: *Mchezaji wa pili ameingia.*

Padi ya pili ilikuwa ndani ya boksi, na nailoni yake haijachanwa.

Akacheka. "Ila nyingine hiyo," akasema. Lakini kile kicheko kilikosa mwenzake. Kwenye skrini mtu wa pili alikuwa amesimama langoni, anamngoja. Mwonjaji akasogea, naye akasogea. Wakafika kwenye mlango wa kwanza wa gemu, na yule mtu, kabla hajaingia, akaruka. Akaruka tena. Ndipo akaingia.

Mdogo wake alikuwa na upuuzi huo huo. Kila mlango, mara mbili. Walikuwa wanagombana kwa ajili hiyo.

Video ile hakuimalizia. Alichana nailoni, akaitoa padi ya pili, akaiweka taratibu juu ya kiti cha kushoto, kama mtu anayelaza mtoto. Siku ile alicheza mpaka akasahau kula, na alipokumbuka alipika cha watu wawili. Chumba kilinuka vumbi la moto, na chini ya vumbi, mafuta ya nywele ya mdogo wake. Akayavuta kwa pua zote mbili. Hata kiti kilipolia *kriii*, kama kinavyolia kikikaliwa, hakugeuza shingo. Alijua akigeuka huenda asione mtu, na hakutaka kutoona mtu.

Siku ya pili chai yake ilikaa upande ndani ya kikombe. Kikombe kilikuwa kimesimama wima, chai ndiyo iliyopanda ukingo wa kushoto. Kalamu ikabingirika kushoto, ikafuatwa na chungwa. Kisha akasikia mlango ukigongwa, akaenda kufungua huku bega limepiga ukuta wa kushoto njia nzima.

Alikuwa Mama wa Chini, na sahani imefunikwa.

"Mwanangu, jana nimesikia kelele zenu, nikasema alhamdulillahi, nyumba imepata watu. Nimekosa tu ufagio wangu. Nani kaja?"

"Mgeni, mama."

"Mbona umesimama kama mpapai uliopigwa na upepo? Umelala vibaya?"

"Labda."

Mama wa Chini akachungulia juu ya bega lake. Aliona kiti. Aliona mto wa kiti umebonyea katikati, na padi imeinuka kidogo tu juu ya mto, kijiti chake kinazunguka taratibu, kinazunguka, kama kidole cha mtu anayesubiri mazungumzo yaishe. Hakupiga kelele. Aliiweka ile sahani chini, akashuka ngazi kinyumenyume huku ameshika ukuta, na alipofika kwake akampigia simu shangazi wa yule kijana.

Naye Mwonjaji, mlango ulipofungwa, akaogopa kwa mara ya kwanza. Akasema moyoni, naizima. Akapeleka mkono chini ya tumbo la mashine kutafuta kile kitufe, na mkono ukaenda kushoto, akaurudisha nao ukaenda kushoto, akaushika kwa mkono wa pili na yote miwili ikaenda, na mwili ukaifuata mikono, na shingo ikaufuata mwili, mpaka shavu lake likagusa kitu baridi mahali ambapo hapakuwa na kitu, na harufu ya mafuta ya nywele ikawa nzito kama nguo mbichi usoni, na kutoka kwenye spika, chini chini, kwa sauti aliyoizika mwenyewe, ikaja:

"Kaka, usizime. Utabaki na nani?"

Hakuzima.

Siku ya tatu, nje watoto wanatoka shule, shangazi akafika. Alikuwa rafiki yangu wa usichana, mwanamke mnene mwenye mzaha, na alijua kuongea na majini kama wengine wanavyojua kuongea na wenye nyumba. Mlango ulikuwa wazi, lakini akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Iliyoitikia ni feni tu.

"Hodi, mwanangu. Siingii bila ruhusa, mimi sina adabu za hao wako."

"Ka... ribu, shangazi." Maneno yalitoka pembeni mwa mdomo.

Akamkuta amelala upande juu ya kiti chake, kichwa kinakaribia kabisa kiti cha pili. Akapiga magoti mbele yake. Akanong'ona.

"Nani kamfungulia?"

"Alibisha. Nikamkaribisha."

"Hukuuliza nani?"

"Ni mdogo wangu, shangazi. Anaruka mara mbili mlangoni. Harufu yake hiyo hapo, huisikii?"

"Naisikia." Macho ya shangazi yakalowa, maana yeye ndiye aliyewalea wote wawili. "Hebu niambie. Mdogo wako, tangu mhamie hapa, aliwahi hata siku moja kubisha hodi?"

Feni ikaongeza kasi.

"Nijibu."

"Alikuwa... alikuwa anapiga teke."

"Alikuwa anapiga teke. Mwenye kwao habishi hodi, mwanangu. Huyu ni mgeni, kavaa nguo za marehemu wetu. Na mgeni ni siku mbili. Ya tatu?"

"Mpe jembe," akasema Mwonjaji, kama mtoto anayejibu fumbo. "Jembe gani, shangazi, huku orofani?"

"Jembe ni kazi, bwege wewe. Na mimi simwamrishi, si mgeni wangu. Aliyesema karibu ndiye mwenye kumpa."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alijua akisema, kiti kitakuwa kitupu, na jioni itakuja na kikombe kimoja. Na yule mgeni naye alijua, akaanza kumlilia kwenye spika, kaka, kaka, nani atakusubiri langoni, nani atagombana nawe, mara ngapi utajisemesha peke yako mbele ya kamera watu wadhani unasema nao, kaka nimekuja kutoka mbali, kaka kule ni baridi na hakuna anayesema karibu, hakuna hata mmoja, wewe tu, wewe tu ndiye uliyesema. Na pengine, wajukuu zangu, hayo ya mwisho yalikuwa kweli.

Mwonjaji akalia. Kisha akasema:

"Mgeni, umekula siku mbili. Leo kazi. Shika hicho kijiti, kiweke katikati. Kisiende kushoto."

Padi ikatetemeka. Kijiti kikajivuta kuelekea katikati, kikarudi, kikajivuta tena. Feni ikalia kama mtu anayebeba gunia, plastiki ikatoa moshi wa nywele zilizoungua. Lakini kushoto ndiko ulikokuwa mwendo wake yule, na nani awezaye kuzuia mwendo wake? Mgeni mvivu akiliona jembe, hukumbuka kwao. Kiti kikalia *kriii*, kama kinavyolia mtu akiinuka.

*Mchezaji wa pili ameondoka.*

Shingo ya Mwonjaji ikanyooka. Shangazi akapika chai, akamimina vikombe viwili. "Kunywa," akamwambia. "Viwili, na wawili tupo." Lakini jioni ilipoingia, naye alikuwa na kwake.

Mashine ilirudishwa kwa walioiunda. Wakasema ila imerekebishwa, wakaifuta vumbi, ikatiwa kwenye boksi jipya na kuuzwa. Nani aliyeipata, hatujui. Mama wa Chini alirithi padi ya kwanza, ile isiyoungua. Alasiri nyingine hupanda kucheza nayo kwenye mashine ya zamani, na hata kujifunza hajifunzi. Mwonjaji alirithi neno. Ukimbishia hodi leo, hata akikutambua sauti, atauliza kwanza: "Nani?" Na huuliza kwa pupa, kama mtu anayetamani jibu fulani na kuliogopa.

Kiti alikichukua shangazi, na alipofariki kikaja kwangu. Ndicho kile pale ukutani, upande wa kushoto. Sijawahi kumwona mtu akikikalia.

Nilipoanza niliwakalisha katikati, wajukuu zangu. Jitazameni mlipo sasa.