Mireille wa Kashojwa

Georgette alikwenda soko la Kakoba, mjini Mbarara, kutafuta zipu ya bluu, akarudi bila zipu, kijana mzima akimfuata nyuma.

Kibanda cha zipu kilipakana na kibanda cha filamu, na mbele yake bodaboda watatu walikuwa wakigombea abiria mmoja mwenye kuku. Katikati ya kelele hiyo, kijana mwenye shati la maua na viatu vilivyong'arishwa hadi vikasahau kwamba ni vya mtumba alikuwa akimnyooshea muuzaji flashi yake.

"Unitilie ile ya Mireille Castaing, yule maman Mfaransa. Ile anaiba farasi ya bwana yake."

"Haibi," Georgette akadakia, macho bado kwenye zipu. "Farasi ni ya baba yake. Anaichukua juu baba amekufa, na kaka zake wanataka kuiuzisha."

Kijana akageuka. Akaona gauni la kitenge cha manjano lililokaa mwilini kana kwamba lilizaliwa naye, futi ya fundi ikining'inia shingoni, na jicho lenye dharau tamu.

"Dada, uliionea wapi?"

"Kashojwa, nilipoenda kumuona mama. Kuna vijei mumoja kule, mwongo! Mireille anasema, 'Nisamehe.' Yeye anatafsiri, 'Toka hapa, sura kama sufuria imeunguza sombe!'"

"Na watu hawakucheka?"

"Walicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini mwongo ni mwongo."

Kijana akashika kifua, akainama kama yuko mbele ya mchungaji. "Basi nimefurahi kukujua. Mwongo mwenyewe ni mimi. Bienvenu."

Georgette alitamani zipu zote zimfunike.

Kila Jumamosi mchana, katika kibanda cha video cha Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Bienvenu alishika maiki akaitia filamu nzima Kiswahili, papo hapo, sauti zote zake: mume, mke, mtoto, hata mbwa. Kifaransa chake kilikuwa kimeachwa darasa la tatu, upande wa pili wa mpaka, siku familia yake ilipokimbia. Mengine yote aliyasoma kwa Kiingereza hapahapa Nakivale. Kwa hiyo pale alipoelewa alitafsiri, na pale asipoelewa alipika.

Kipenzi cha kibanda kilikuwa Mireille. Watazamaji walimjua tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa anayeuza mikate. Wakamuona akiwa muuguzi, akiwa mke wa waziri, akiwa mchawi katika filamu moja mbaya ambayo hata Bienvenu hakuweza kuiokoa. Kisha, jina lake likiwa juu kabisa, alipotea kwenye sinema miaka mingi, akarudi ana mvi, anacheza bibi. Wanawake wa Kashojwa walimjadili kisimani kama mtu aliyejenga nyuma ya Base Camp, makao makuu ya kambi.

Georgette yeye alimaliza sekondari Uvira, Kifaransa anakinywa kama maji. Hivyo simu zikaanza. Bienvenu huko anafungulia simu kipande cha filamu; Georgette huku Kakoba, mguu kwenye cherehani, anasikiliza.

"Haloo, cherie. Anasema nini hapa?"

"Anasema amechoka."

"Maneno yote hayo, amechoka tu?"

"Ni Mfaransa. Wanachokaka na maneno mingi."

"Na weye, umechoka?"

"Kukusikia? Bado."

Viviane, fundi mwenzake, akagonga meza kwa mkasi. "Georgette! Hilo gauni la bibi harusi, mkono mumoja unafika gotini. Shona ao uolewe, chagua!"

Alichagua vyote viwili. Jumapili moja baada ya ibada Bienvenu alikuja Mbarara, wakakaa karibu na mto Rwizi wakila rolex, chapati na yai vikiwachomea vidole.

"Mireille alipotea wapi miaka yote ile?" Bienvenu akauliza.

"Nilisoma kwa simu. Mama yake aliugua, akaacha sinema akaenda kumutunza. Lakini anasema mama hakumuomba. Hakujua kama mama alitaka yeye abaki ao aendelee kutuma vitu." Akatazama mto. "Hata mimi sijue. Kila mwisho wa mwezi natuma sukari na sabuni. Nikipiga simu, mama anaanza: vitu vimefika. Haulizi kama nimelala, kama nimekula. Wakati mwingine nasema, huyu mama ananipenda mimi, ao anapenda ile mufuko?"

Bienvenu hakutania. Alimfuta mafuta ya yai kidoleni, taratibu.

"Hiyo ni yako peke yako," Georgette akamwambia. "Usimupe mutu."

"Nitaiweka fasi hata panya hafike, mupenzi."

Wiki iliyofuata, dereva wa teksi ya Nakivale alisimama mlangoni pa ushonaji, akashusha mfuko wa sukari na sabuni, kamba yake haijafunguliwa. "Mama yako amesema nikurudishie."

Georgette akapiga simu.

"Haloo, mama?"

"Haloo, Mireille," mama akajibu. "Hujambo, mwanangu Mireille? Na huko Paris, sukari iko bei gani?"

"Mama, ni mimi, Georgette."

"Georgette? Yule wangu alikuwa ananiambia maneno yake kwa kinywa chake." Simu ikakatwa.

Jina la Mireille lilimwonyesha maneno yake yalikopitia. Kisha akampigia Bienvenu, na hakumwita mpenzi.

"Ulisema nini Jumamosi?"

Mtu mwenye sauti za watu kumi na mbwa wao akaanza kukohoa.

"Bienvenu!"

"Ilikuwa ile filamu Mireille anamuaga mama yake. Alisema maneno mingi, sikuelewa hata moja. Nilikupigia, hukushika simu. Watu wote wananiangalia... Kinywa kikachukua yale yaliyokuwa karibu. Mireille akasema anatuma sukari na sabuni kila mwezi, na hajui kama mama anamupenda ao anapenda mufuko. Nisamehe. Sikujua mama yako yuko ndani."

"Na kama hangekuwa ndani, ingekuwa muzuri?"

Bienvenu akaanza tena kuomba msamaha. Georgette akamkatisha.

"Nilikupa weye. Sikumupa Mireille. Usinipigie tena."

Jumamosi alipanda gari la Nakivale, mfuko magotini. Alimkuta mama yake, aliyejulikana kijijini kwa jina moja tu, Mama Georgette, akichambua maharage mbele ya nyumba. Mama hakuinua macho.

"Ulisema kweli, ao yule vijei wako alikusingizia?"

Njia nzima Georgette alikuwa ameshona uongo mzuri, wenye bitana kabisa. Ukamfia mdomoni.

"Nilisema, mama."

Mama akatupa haragwe bovu. "Mimi natia sukari mu chai?"

Georgette akafikiri. Tangu Uvira, hakuwahi kumuona akitia.

"Nawagawia majirani. Kikombe kwa huyu, kikombe kwa yule. Wanauliza, imetoka wapi? Nasema, kwa Georgette. Kesho mwingine anauliza, nasema tena, kwa Georgette. Ndivyo ninavyokaa na weye hapa." Sauti yake ikapungua. "Na kama umekula siulizi, juu naogopa utasema hapana. Nitafanya nini, mimi, kutoka hapa?"

Georgette akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake zuri. Walilia kidogo, wakacheka kidogo, wakamaliza maharage.

"Na yule mwenye mudomo," mama akasema, "unamupenda?"

"Nilimupenda."

"Sikuuliza nilimu. Nimeuliza unamu. Kama ni ndiyo, aje hapa na mukubwa wake."

Georgette akainuka, akaenda mwenyewe hadi kibanda cha video. Alisimama nje ya mabati, akasikiliza. Ndani, Mireille mwenye mvi alikuwa akisema, na wanawake walikuwa wakipiga kelele: "Vijei, rudisha ile ya sukari! Ile tamu!"

"Hakuna sukari," sauti ya Bienvenu ikajibu, ya kawaida, bila madoido. "Leo mutasikia tu yale amesema. Fasi sijue, nitanyamaza."

Na alinyamaza kweli. Mireille akasema, akasema, Kifaransa kitupu. Watu wakasonya, viti vikaburuzwa, wengine wakatoka wakimtukana.

Georgette akapenya katikati ya waliokuwa wakitoka, akamsogelea. "Anasema baridi imemuingia mu mifupa," akamnong'oneza. "Hiyo tu."

Bienvenu karibu aangushe maiki. "Georgette..."

"Bado sijakusamehe. Mama anakuita. Njoo na mukubwa wako, vaa shati lenye vifungo vyote."

Bienvenu alikuja kwa Mama Georgette na mjomba wake, Mzee Salvator, koti la kijivu na kofia, msemaji wa posa aliyesifika kambi nzima. Kwa desturi kijana hakai kusema. Anakaa kutazama viatu, mkubwa wake anamsemea. Georgette alikuwa nyuma ya pazia, sikio limebanwa kwenye kitambaa.

Mzee Salvator akakohoa. "Tumetembea milima na mabonde, na tumeona katika nyumba hii—"

"Samahani, mzee," Mama Georgette akamkatisha. "Huyu kijana anasemea Kashojwa yote. Leo ajisemee."

Mzee akakaa, kinywa wazi. Bienvenu akasimama. Akatafuta mkononi maiki isiyokuwapo.

"Nilichukua maneno ya mutoto wako, nikayatoa inje. Yalikuwa yake, na yalikuuma weye. Nisamehe, mama." Akainua macho. "Nataka Georgette."

"Na nini tena?"

"Basi. Georgette tu."

Nyuma ya pazia kicheko kilitoroka, na chozi pamoja nacho.

"Weye uko kule nyuma," mama akaita. "Toka, umujibu mwenyewe."

Georgette akatoka, kitenge cha manjano, mikono imeshikana, mbele ya watu wote.

"Nimekusamehe, na nimekubali," akasema. "Lakini neno moja la nyumba hii likisikika mu sinema, utalala kwa Mireille."

Mama akacheka hadi akashika mbavu. Mzee Salvator akavua kofia, akatazama huku na huku.

"Sasa mimi, hii hotuba yangu niipeleke wapi?"

"Kaa nayo, mzee," Mama Georgette akamwambia. "Utaisema siku ya harusi, na hakuna mutu atakukatisha."